Nardo ya Betania, Mizizi ya Himalaya na Mganga Asiye na Mrithi



Jumatatu ya Juma Kuu tunasoma Injili ya Betania. Maria anampaka Bwana miguu kwa marhamu ya nardo, nyumba nzima inanukia, na Yuda anaanza kupiga hesabu. Mwaka huu, baada ya Misa ya asubuhi, padre mlezi wetu mmoja alituuliza mezani swali lililoonekana jepesi: "Mafrateri, nardo ni kitu gani?" Mmoja wetu akasema ni mafuta. Mwingine akasema ni ua. "Sawa, linaota wapi?" Tukasema Palestina, maana ndiko Bwana alikokuwa. Padre akacheka, akaendelea na uji wake.

Mimi swali lile lilinikaa. Nikaenda maktaba, na kilichonirudisha huko wiki baada ya wiki ndicho ninachotaka kukuandikia leo.

Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba nardo ya kale haikuota Palestina. Ni mmea mfupi wa milima ya Himalaya, kwa jina la kisayansi Nardostachys jatamansi. Unaota juu sana, kati ya mita 3,000 na 5,000 hivi kutoka usawa wa bahari, katika Nepal, kaskazini mwa India, Bhutan na Tibet. Harufu yake haimo kwenye ua wala kwenye jani. Imo kwenye mzizi wenye manyoya-manyoya, ukiung'oa huo mmea umekufa. Kutoka kule mzizi ulishuka mabonde, ukapita mikono ya wachuuzi wengi hadi Mashariki ya Kati. Ndiyo maana Yuda aliitaja bei ya dinari 300, yaani karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua. Watibeti bado wanautumia mmea huo katika dawa na katika uvumba. Na tangu mwaka 1997 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES, kwa sababu unachimbwa kuliko unavyoweza kuota tena.

Basi nikaanza kusoma habari za tiba ya Kitibeti, na nikakuta mabishano ambayo mtu wa Dodoma kama mimi anayajua vizuri, hata kama hajawahi kuona theluji. Wanauliza maswali mawili. La kwanza: wazee wakifa, nani ataitambua mitishamba? La pili: vijiji vya mbali vitapata wapi mtu wa kuwatibu? Mara nyingi maswali haya hujibiwa katika ofisi mbili tofauti. La kwanza hupelekwa kwa wataalamu wa mimea na wahifadhi, la pili kwa wizara ya afya. Maoni yangu ni kwamba hilo ni swali moja, na wanaolikata vipande viwili wataishia na kitabu kizuri cha picha za mimea upande mmoja, na zahanati iliyofungwa kwa kufuli upande wa pili.

Tiba hiyo inaitwa Sowa Rigpa. Wala si mambo ya kubahatisha. Kitabu chake cha msingi, Gyüzhi, yaani Tantra Nne, kinahusishwa na tabibu Yuthok Yonten Gonpo wa karne ya 12. Kina sura 156, na wanafunzi hukikariri. Mwishoni mwa karne ya 17, Sangye Gyatso, aliyekuwa mtawala kwa niaba ya Dalai Lama wa tano, aliandika ufafanuzi wake, akaamuru zichorwe picha 79 juu ya vitambaa ili mwanafunzi aone kwa macho kile anachokariri: mifupa, mishipa, na mamia ya mimea. Mwaka 1696 alianzisha chuo cha tiba cha Chagpori mjini Lhasa. Katika karne ya 18, Deumar Tenzin Phuntsok aliandika kitabu kinachoeleza dawa zaidi ya 2,000. Chagpori ilibomolewa mwaka 1959. Chuo kingine cha Lhasa, Mentsikhang, kilichoanzishwa mwaka 1916, kingali pale, na wakimbizi wa Kitibeti walianzisha chao kwa jina hilohilo huko Dharamsala, India, mwaka 1961.

Nje ya vyuo hivyo, tiba hii imebebwa na amchi. Ndivyo anavyoitwa tabibu wa kijiji huko Ladakh, Mustang na Dolpo. Amchi hupima mshipa kwa vidole vitatu, hutazama mkojo, huuliza mgonjwa anakula nini na analala vipi. Kisha anafungua mifuko yake ya ngozi yenye unga wa dawa. Nyingi amezichuma mwenyewe.

Hapo ndipo penye uzito. Ukisikia "kutambua mimea" unaweza kudhani ni kujua majina. Siyo. Kuna jamii ya mimea wanayoiita bongnga, ambayo wanabotania huiweka katika kundi la akoniti. Kuna bongnga nyeupe na kuna nyeusi. Nyeupe ni dawa, tena hutumika dhidi ya sumu. Nyeusi yenyewe ni sumu kali. Wawindaji wa Himalaya walikuwa wakipaka akoniti kwenye mishale. Amchi hodari anaitumia hata hiyo nyeusi, lakini kwa kipimo kidogo na baada ya kuiandaa. Sasa fikiri kijana aliyejifunza jina bila kujifunza mzizi.

Kuna ugumu mwingine. Jina moja la Kitibeti linaweza kuwa la mmea huu katika bonde moja, na la mmea mwingine kabisa katika bonde la pili, kwa sababu waganga walitumia kile kilichoota kwao. Na mmea mmoja ukiuchuma kwenye mteremko wa jua si sawa na ukiuchuma kwenye mteremko wa kivuli. Mapokeo yao yanasema dawa zenye nguvu ya joto zichumwe upande wa jua na kuanikwa juani, na zenye nguvu ya ubaridi zichumwe upande wa baridi na kukaushwa kivulini. Halafu kuna ladha sita: tamu, chachu, chumvi, chungu, kali na ile inayokaza ulimi kama ndizi mbichi. Mwanafunzi hupelekwa mlimani majira ya joto pamoja na mwalimu, anachuma, anavunja, ananusa, anaonja. Sidhani kama ipo njia ya mkato.

Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Nikiwa na miaka kumi hivi, bibi yangu, huko kijijini kwetu, alinituma majani ya mwarobaini. Nikaona uvivu kwenda hadi kwenye mti wa mbali, nikavunja tawi la mti ulio karibu na kisima, nikamletea. Hakusema neno. Akachukua kijani kimoja, akakipitisha mbele ya macho yangu. "Hesabu, mjukuu wangu. Jani la mwarobaini linagawanyika mara moja tu. Hili limegawanyika, kisha limegawanyika tena. Umeniletea mmelia." Akalitupa kwenye jaa, akanirudisha. Nilipochukua botania sekondari nilijifunza kwamba miti hii ni ya familia moja, inafanana sana, na kwamba matunda ya mmelia yana sumu. Bibi hakuwahi kusoma botania. Hakuwa mganga pia. Alikuwa mwanachama wa WAWATA mwenye rozari mfukoni.

Aristotle, mwanzoni kabisa mwa Metafizikia, anasema jambo ambalo mwalimu wetu alituwekea mstari chini yake mara mbili. Tabibu hamponyi "mtu" kwa ujumla. Anamponya Kalia, au Sokrate, mtu huyu mwenye jina lake. Kwa hiyo mwenye uzoefu bila nadharia mara nyingi hufanikiwa kuliko mwenye nadharia bila uzoefu. Lakini Aristotle haishii hapo. Anasema pia kwamba tunamhesabu kuwa na hekima zaidi yule anayejua kwa nini, na kwamba dalili ya kujua ni uwezo wa kufundisha. Wapenzi wa tiba asili hunukuu nusu ya kwanza. Wapinzani wake hunukuu nusu ya pili. Mimi nadhani tunazihitaji zote mbili ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo lazima alelewe, alipwe, na apewe mahali pa kufanyia kazi.

Hapa nafika kwa mrithi. Zamani amchi alimrithisha mwanae, au mpwa wake, kazi pamoja na vitabu. Hakudai fedha. Wanakijiji walimpa shayiri na siagi, na wakati wa mavuno walimsaidia shambani ili yeye apate nafasi ya kwenda mlimani kuchuma dawa. Utaratibu huo ulikuwa ndio mshahara wake. Kisha zikaja barabara, jeshi, utalii na ajira za fedha. Ladakh ni mfano ulioandikwa sana. Kijana wa amchi akaenda shule, na vizuri kabisa, lakini baada ya shule akatazama maisha ya baba yake: anaamshwa usiku, anatembea saa nyingi, anarudi na kipande cha siagi. Jirani naye hana tena muda wa kumlimia, kwa maana yuko mjini akitafuta fedha. Hakuna aliyeipiga marufuku kazi ya amchi. Ilipoteza tu watu wa kuibeba.

Na dawa je? Huko Dolpo, Nepal, ile nardo na mzizi mwingine mchungu uitwao honglen, ambao hutumika kwa homa na maradhi ya ini, ilianza kuchimbwa kwa magunia kwa ajili ya wafanyabiashara. Mchimbaji anayelipwa kwa kilo haachi mzizi wa mbegu, wala hangoji mmea uzae. Amchi akifika mahali alipoonyeshwa na baba yake, anakuta mashimo. Kuna uchunguzi mmoja ulionishangaza, uliofanywa na Wayne Law na Jan Salick na kuchapishwa mwaka 2005. Walipima mimea mikavu iliyohifadhiwa katika maktaba za mimea kwa zaidi ya miaka mia moja, wakailinganisha na ile inayoota leo. Wakagundua kwamba aina moja ya yungiyungi la theluji, Saussurea laniceps, imekuwa ikipungua urefu. Sababu ni kwamba wachumaji huchukua maua makubwa, wakaacha mafupi yazae. Tumeufundisha mmea kuwa mfupi bila kukusudia. Jambo hilo lisingeonekana kama mtu fulani, miaka mia iliyopita, hangekausha mmea ule na kuuandikia tarehe na mahali. Kwa hiyo nikisema mzizi uonjwe kwa ulimi, sisemi karatasi za wanabotania ni upuuzi.

Kwenye miaka ya 1990 ulikuwako mradi wa WWF na UNESCO huko Dolpo, ndani ya hifadhi ya Shey Phoksundo, uliowakalisha pamoja amchi, wanabotania na wanakijiji. Wakaorodhesha mimea, wakapanga ichumwe wapi na lini, na ikajengwa pia nyumba ya kutibia ambamo amchi wanahudumia watu. Mwaka 1998 amchi wa Nepal waliunda chama chao, na huko Mustang ndugu wawili wa ukoo wa amchi walianzisha shule, Lo Kunphen, ambako watoto husoma masomo ya kawaida pamoja na tiba. Napenda mifano hii kwa sababu ilianza na watu waliokuwapo. Udhaifu wake ni ule tunaoujua hata katika parokia zetu: mfadhili akiondoka, nani atamlipa amchi?

Bhutan walijibu swali hilo mapema. Tangu mwaka 1967 tiba yao ya jadi imo ndani ya huduma ya afya ya serikali. Mgonjwa akifika hospitali ya wilaya anaweza kumwona daktari wa kisasa au drungtsho, yaani tabibu wa jadi, chini ya paa moja, na tabibu huyo ni mtumishi wa umma. India iliitambua Sowa Rigpa kisheria mwaka 2010, na amchi kadhaa wa Ladakh walikuwa tayari wamewekwa kwenye vituo vya afya vya serikali, ingawa kwa posho ndogo. China nayo ina hospitali kubwa na viwanda vya dawa za Kitibeti. Lakini kiwanda kinahitaji mizizi kwa tani, na hapo tunarudi kwenye mashimo ya Dolpo. Kwa hiyo kuingizwa serikalini peke yake si jibu, kama hakuna anayeulinda mlima.

Mambo haya si mageni kimataifa. Septemba 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kumfikia kila mtu. Tamko lile liliwataja, miongoni mwa wahudumu, hata waganga wa jadi pale wanapohitajika, wakiwa wamefunzwa ipasavyo. Sisi Watanzania tulikwenda pale tukiwa na cha kusema. Miaka mitano kabla, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya watu vijijini kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Maneno "wakiwa wamefunzwa ipasavyo" ndiyo yaliyosahaulika.

Najua kuna mafrateri wenzangu watakaosema: Frateri, unatetea ushirikina. Hapana. Tiba ya Kitibeti imefungamana na dini ya Kibuddha, na mwanafunzi wa falsafa hapaswi kujifanya haoni. Pia baadhi ya vidonge vyao vya thamani hutengenezwa kwa zebaki wanayosema imesafishwa. Zebaki ni zebaki, na mimi nisingempa mama mjamzito kidonge hicho kwa sababu tu ni cha kale. Mtoto mwenye homa ya mapafu anahitaji antibiotiki, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hahitaji kupimwa mshipa kwa vidole vitatu, anahitaji kufikishwa hospitali. Mwaka 2011 tuliona magari yakipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Loliondo kunywa kikombe, na wako wagonjwa walioacha dawa zao nyumbani. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka nani hakurudi katika mtaa wetu.

Lakini tazama Dolpo ya juu wakati wa baridi. Njia za milimani zimefungwa na theluji. Makao makuu ya wilaya ni safari ya siku kadhaa kwa miguu. Mhudumu aliyepangiwa na serikali ametoka mjini, hana kuni, hajui lugha, na mara nyingi ameshuka bondeni kabla theluji haijaanza. Aliyebaki ni amchi, kwa sababu hapo ndipo kwao. Swali la maana si kama tiba yake ni sawa na ya hospitali. Swali ni kama huyu aliyebaki amefundishwa kutambua homa ya mapafu kwa kuhesabu pumzi za mtoto, kama ana antibiotiki za kuanzia kwenye sanduku lake, kama anajua kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, na kama anajua ni lini aseme, "Huyu si wangu, mbebeni." Mtu aliyeweza kujifunza kutofautisha bongnga nyeupe na nyeusi kwa mzizi na ladha hatashindwa kujifunza hayo. Macho yameshafunzwa kuangalia.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti, ningependekeza kila kijana anayefunzwa kuwa mhudumu wa afya katika mabonde yale apitishe majira mawili ya kiangazi mlimani na amchi, na kila mwanafunzi wa amchi apitishe miezi kadhaa kwenye wodi ya wazazi na ya watoto. Mtihani wa mimea uwe wa mezani na wa mlimani. Kila mmea unaotumika zahanati uwe na sampuli yake kavu yenye jina la bonde, kimo na tarehe, ili miaka mia ijayo mtu aweze kupima kama tulivyopima lile yungiyungi. Kijiji kipewe haki ya kusema mzizi gani usichimbwe mwaka huu, na neno lake liwe na nguvu dhidi ya mchuuzi. Na mshahara. Naurudia mshahara kwa sababu sisi watu wa Kanisa ni hodari wa kusifu wito na kusahau kwamba aliyeitwa naye anakula.

Wasichana pia. Urithi wa baba kwa mwana uliwaacha nje kwa muda mrefu, ingawa Lobsang Dolma, mwanamke aliyerithi tiba kwa baba yake, alifika kuwa tabibu mkuu wa Dharamsala katika miaka ya 1970. Kwa mama anayejifungua kwenye kibanda kilicho juu ya mawingu, hili si suala la haki peke yake.

Utaniuliza, ndugu msomaji, yanatuhusu nini sisi. Nitakujibu kwa karafuu. Katika dawa za Kitibeti kuna kundi la dawa sita wanazoziita "njema sita", kila moja na kiungo chake cha mwili. Mojawapo ni karafuu, lishi, ambayo haioti popote karibu na theluji. Inafika kule kupitia masoko ya India, na India hununua karafuu za Unguja na Pemba. Huenda mzee mmoja wa Ladakh ametulizwa na kitu kilichoanikwa kwenye jamvi huko Wete, kama vile nyumba ya Betania ilivyonukia mlima ambao hakuna aliyekuwamo aliyewahi kuuona.

Bibi alifariki mwaka juzi. Katika ua wa seminari yetu tuna miarobaini minne na mmelia mmoja, karibu na tangi la maji. Wiki iliyopita niliwaomba mafrateri sita wa mwaka wa kwanza wanionyeshe mmelia ni upi. Wawili walipatia. Mmoja wao anatoka Mpwapwa, na nilipomuuliza nani alimfundisha, akasema bibi yake, na kwamba bado yu hai. Likizo ya Juni nimemwomba twende wote.